Uvumilivu wa Mtazamaji kwa Ukatili wa Filamu za Kutisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa Wete, Pemba, na mtu ambaye katika miaka ya 1990 alikuwa akikodisha kanda za video, na ambaye siku hizi huonyesha filamu ukumbini kwake kila Jumamosi baada ya sala ya Isha, kwa majirani na jamaa wasiozidi kumi na watano. Maswali ni yale yale niliyokuwa nikiulizwa dukani, ingawa deki imekwenda na projekta imekuja. Mengi yanazunguka jambo moja: kwa nini mtu huyo huyo anaweza kutazama kichwa kikiruka bila kuacha karanga zake, kisha akafumba macho mbele ya ukucha unaong'olewa.

Je, mtu asiyeweza kutazama ukatili ni mwoga?

Hapana, na ubaya wa swali hili ni kuwa linadhani ukatili wote unapimwa kwa pishi moja. Jirani yangu ni mchinjaji. Kila Mfunguo Tatu huchinja ng'ombe watano au sita kabla ya adhuhuri, na nimemwona akimlaza fahali, akimwelekeza kibla, akipitisha kisu na kusimama kando huku kikoi chake kimerowa mpaka magotini, bila ya uso kubadilika. Mtu huyo huyo, usiku mmoja nyumbani kwangu, alimwona daktari wa kwenye filamu akisogeza sindano kwenye jicho la mgonjwa. Sindano ilikuwa haijafika. Nilisikia kikombe kikianguka, na nilipowasha taa nilimkuta amelala ubavu juu ya mkeka, midomo imekuwa ya kijivu, jasho limemtoka kama aliyeopolewa baharini.

Waliokuwepo walimcheka wiki nzima, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka, lakini hakuna kilichogongana hapo. Machinjoni kisu kimo mkononi mwake, kazi anaijua, jina la Mungu limetajwa, na nyama ina wenyewe wanaoisubiri. Mbele ya filamu hakuwa na kisu wala kazi. Alikuwa jicho tu linalosogelewa na sindano. Kwa hiyo anayejisifu kuwa anaweza filamu yoyote kwa kawaida hajakutana na aina yake, na anayesema kuwa hawezi hata moja mara nyingi amekutana na aina moja tu, tena mapema mno.

Aina za ukatili ni zipi, na nitaijuaje ile inayonishinda mimi?

Orodha kamili siiwezi, lakini kwa miaka yote hii nimewaona watu wakigawanyika pale pale. Wapo wanaoshindwa na wingi wa damu, wakati kitendo chenyewe hakiwasumbui. Ukiwaondolea rangi nyekundu watakaa mpaka mwisho. Wapo wasiojali damu hata ikijaa ndoo, ila hawawezi dhara dogo lililo karibu: wembe kwenye kiganja, jino, ukucha, ngozi nyembamba ya nyuma ya kifundo cha mguu. Wengine hawawezi mateso, yaani maumivu yanayotolewa polepole na mtu mwenye wakati wa kutosha kwa mtu aliyefungwa. Wengine hawajali chochote mpaka anayeumizwa awe mtoto, au mzee, au paka. Wapo ambao adui yao ni pumzi, na wao nitawafikia baadaye. Na wapo, nao si wachache hapa kisiwani, watakaotazama msumeno ukifanya kazi yake huku wanakula mihogo, lakini mlango ukijifungua wenyewe usiku wanaomba tubadilishe filamu.

Njia ya kujijua ni kuacha kujiuliza uliogopa kiasi gani, na badala yake kujiuliza mwili ulifanya nini, na wapi. Hofu ya kushtuka hukaa kifuani na huondoka kabla chai haijapoa. Kinyaa hukaa tumboni na kooni. Uchungu wa kumwona mtu akidhalilishwa hauna mahali maalumu, lakini ndio unaorudi siku ya tatu, ukiwa umesimama dukani unangoja chenji. Mtu akiniambia kuwa filamu imemkalia siku tatu, siulizi kama ilikuwa na damu. Nauliza nani alifanywa nini, na nani alikuwa akitazama bila ya kusaidia.

Kwa nini sindano hunitisha kuliko upanga?

Kwa sababu sindano tumechomwa sote na upanga hatujakatwa. Mwili hauna kumbukumbu ya kukatwa kichwa, kwa hiyo huipokea picha ile kama unavyopokea habari za nchi ya mbali. Lakini kila mmoja wetu amewahi kujikata na wembe, kuchomwa na mwiba wa samaki chini ya ukucha, au kung'olewa jino, na picha inapogusa hapo inakuta kovu linaloisubiri.

The Exorcist, filamu ya Marekani ya mwaka 1973 iliyoongozwa na William Friedkin, inajulikana kwa msichana aliyepagawa na kichwa kinachogeuka nyuma. Hata hivyo, watazamaji wengi wamesema kuwa kilichowashinda ni sehemu ya hospitali: msichana amelazwa, sindano inaingizwa shingoni ili mishipa ya kichwani ipigwe picha, na damu inaruka kidogo. Hakuna shetani katika chumba kile. Kuna wafanyakazi wa hospitali wanaofanya kazi yao kwa utulivu, na huo utulivu ndio usiovumilika, maana kila aliyewahi kulala juu ya kitanda cha chuma anaujua.

Mimi huzimia nikiona damu ingawa sihisi hofu. Nina tatizo gani?

Hali hiyo inajulikana, na ina uhusiano na mwenendo wa moyo na mishipa kuliko na ushujaa. Katika hofu za kawaida, kama ya nyoka au ya kimo, moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda, na aliye katika hali hiyo si rahisi kuzimia. Hofu ya damu, sindano na majeraha ina njia yake peke yake: moyo huenda mbio kwa muda mfupi, kisha hupunguza mwendo kwa ghafla, shinikizo la damu hushuka, ubongo hupungukiwa na damu, na mtu huanguka. Mara nyingi utaikuta kwa zaidi ya mtu mmoja katika ukoo.

Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, pamoja na wenzake, katika miaka ya 1980 waliandaa mazoezi mepesi ya kuizuia. Mtu hukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka ahisi joto usoni, kisha huiachia irudi katika hali ya kawaida bila ya kulegea kabisa, hungoja sekunde 20 hadi 30, na hurudia mara tano. Lengo ni kulipandisha shinikizo la damu kabla halijaporomoka. Mchinjaji wetu alifundishwa hivyo na mwanawe anayesomea uuguzi, na siku hizi daktari akionekana tu kwenye filamu, bwana yule hukunja ngumi na kukaza shingo kama mtu anayevuta juya. Hajaanguka tena. Ukichelewa na ukahisi macho yanaingia kiza, lala chini, nyanyua miguu, na waombe wenzako wasikuzonge. Anayezimia hata pasipo na filamu aende hospitali akapimwe.

Nakumbuka filamu moja ya zamani iliyokuwa na damu nyingi, lakini nilipoirudia sikuiona. Imekatwa?

Huenda unakumbuka damu ambayo haikuwapo tangu mwanzo. The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper, ya mwaka 1974, ina jina linaloahidi machinjo, lakini damu inayoonekana ndani yake ni kidogo kuliko inavyosimuliwa. Kulabu ya kutundikia nyama inaonekana, na msichana anaonekana akiinuliwa kupelekwa pale, lakini kulabu haionekani ikiingia mwilini. Hooper alitumaini kuwa kwa kuficha namna ile angepewa daraja jepesi la umri wa watazamaji na wakaguzi wa Marekani, lakini hakupewa. Alfred Hitchcock alikwisha kufanya mfano wa hayo mwaka 1960 katika Psycho: mauaji ya bafuni, ambayo kuyapiga picha kulichukua siku saba, yanapita chini ya dakika moja, damu ni sharubati ya chokoleti, kwa kuwa filamu haina rangi, na mlio wa kisu kinachoingia mwilini ni wa tikiti lililokuwa likichomwa. Mifupa inayovunjika katika filamu nyingi ni mabua ya seleri yanayopindwa mbele ya maikrofoni.

Hapa pana jambo la manufaa kuliko yote niliyonayo. Watu wakizidiwa hufunika macho. Wanawake huvuta ushungi, wanaume hujifanya wanatafuta simu chini ya mto, na wote huacha masikio wazi, hali sikio ndilo lililobeba sehemu kubwa ya mzigo. Punguza sauti kabla hujafumba macho. Mimi hukaa na rimoti mkononi, na mtu akinigusa bega huiteremsha sauti bila ya kumuuliza sababu. Filamu ya kutisha isiyo na sauti ni watu wazima wanaopakana rangi.

Damu ikiwa nyingi sana mimi hucheka. Je, moyo wangu umekuwa mgumu?

Hapana. Damu ikipita kiasi huacha kuwa damu. Sam Raimi, alipotengeneza Evil Dead II mwaka 1987, alitumia majimaji ya kijani na meusi pamoja na mekundu, kwa matumaini ya kukwepa daraja kali. Na kweli mtazamaji anayeona maji ya kijani yakimwagika kama bomba lililopasuka hufikiria bomba, hafikirii jeraha.

Kwetu ipo sababu nyengine. Wengi wetu tumezijua filamu hizi katika vibanda vya video, ambako mfasiri husimulia juu ya sauti ya filamu yenyewe. Muuaji anapoinua shoka, mfasiri humpa jina la mtaani, humuuliza kama kodi ya nyumba ameshalipa, na ukumbi mzima huangua kicheko wakati shoka linashuka. Mfasiri hodari ni ngao. Kijana mmoja alinijia akitaka tuonyeshe filamu aliyodai ameiona kibandani mara nne, na akawaahidi wenzake kuwa haina lolote. Niliiweka kama ilivyotengenezwa, pamoja na vilio vyake na ukimya wake. Haikufika dakika ya ishirini akaniomba, kwa adabu kubwa, niwashe taa ya ukumbini. Mara zote nne zile alikuwa amemsikiliza mfasiri.

Kwa nini filamu za mateso huchosha kuliko filamu za mauaji?

Mauaji katika filamu nyingi ni tukio. Mateso ni muda. Saw ya James Wan ya mwaka 2004 na Hostel ya Eli Roth ya mwaka 2005 zilikuwa mbele katika mkondo wa filamu ambamo mtu amefungwa, anajua kitakachomfika, na mtazamaji anawekwa kwenye kiti akisubiri pamoja naye. Hakuna kukimbia msituni, hakuna mlango wa kuusukuma. Mbaya zaidi, mara nyingi kamera husimama upande wa mtesaji, na mtazamaji mwenye moyo hujikuta anaona haya bila ya kujua amekosa nini.

Nazifananisha na filamu za kutisha za Kihindi zilizotengenezwa na ndugu wa ukoo wa Ramsay wa Bombay katika miaka ya 1970 na 1980, ambazo hapa zilikodishwa mpaka kanda zikafanya mchirizi. Ndani yake mna zimwi, makaburi na damu, lakini kila baada ya muda huingia wimbo, au huingia mchekeshaji aliyepoteza suruali, na watazamaji hupumua. Vijana hukejeli nyimbo hizo kuwa zinaharibu hofu. Mimi naona ndizo zilizowawezesha bibi zetu kukaa saa tatu mbele ya zimwi na kurudi kesho yake kukodi jengine. Filamu za mateso mimi mwenyewe siziwezi, na sioni haya kulisema hilo katika ukurasa niliouandika mimi.

Siwezi kutazama mtu akizama au akikosa pumzi, ingawa mengine yote naweza. Je, ni jambo la kawaida?

Hapa visiwani ni jambo la kawaida sana, na sababu yake haihitaji mwanasaikolojia. Meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012. Ni nadra hapa kukuta familia isiyomjua mtu aliyekuwemo, au aliyekosa safari kwa dakika chache, au aliyesimama gatini siku nzima akisubiri majina.

Bibi mmoja mwenye asili ya Mkoani, mpenzi mkubwa wa filamu za mauaji, aliinuka kimya siku tulipoonyesha filamu ya watu walionaswa ndani ya chombo kinachojaa maji. Nilipomfuata nilimkuta jikoni akiosha vikombe. Vilikuwa vimeshaoshwa. Aliviosha vyote upya, akavipanga, akavishusha, akaanza tena, na mimi nikachukua kitambaa nikawa navifuta, bila ya mmoja wetu kusema neno mpaka filamu ilipokwisha. Tangu siku ile kila filamu yenye maji naitangaza mapema, kama mtu anavyotangaza kuwa chakula kina pilipili.

Jambo ambalo mtu ameliishi, au limewafika watu wake, si kipimo cha uvumilivu wake, na hana sababu ya kujizoesha kwa filamu. Akitaka kupunguza uzito huo, atafute mtu wa kuzungumza naye.

Je, filamu za mashetani zihesabiwe kuwa ni za ukatili?

Kwa mtazamaji wa Ulaya labda hapana. Kwetu nazihesabu, kwa sababu kupagawa ni kufanyiwa jambo mwilini bila ya ridhaa, na wengi hapa wamekulia katika nyumba ambamo shangazi au bibi alipungwa, wakasikia sauti ngeni ikitoka katika kinywa wanachokijua. Aliyepitia hayo hatazami hadithi. Anatazama nyumba ya jirani. Mwaka 1995, hofu ya popobawa, shetani anayesemwa kuwavamia watu usiku majumbani mwao, ilipozuka Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi wanaokaa ukumbini kwangu. Wao hawaombi nipunguze damu. Wanaomba nifunge dirisha.

Anayetoka nje ya kisiwa na kukejeli hofu hii kuwa ni ushamba aulizwe yeye huzima taa gani akilala peke yake baada ya filamu ya nyumba iliyoingiliwa na majambazi.

Na udhalilishaji wa kijinsia?

Hapa sipimi uvumilivu wa mtu yeyote. Filamu yenye tukio hilo siionyeshi mbele ya mkusanyiko, hata ikiwa na sifa kubwa, kwa sababu katika watu kumi na watano sijui nani amebeba nini, wala si haki yangu kujua. Anayetaka kuitazama kwake, aitazame akiwa amekwisha kuambiwa kilichomo.

Kwa nini kifo cha mbwa au farasi huumiza kuliko kifo cha mtu?

Mtu mzima katika filamu ya kutisha ameshajiingiza mwenyewe: kaambiwa asishuke chini ya nyumba, kashuka. Mnyama hakuambiwa. Kwetu pia kuna malezi ambayo hayasemwi: mchinjaji hufundishwa asinoe kisu mbele ya mnyama na asichinje mmoja mbele ya mwenzake, kwa hiyo mnyama anayeuawa kwa mchezo hutuchoma mara mbili. Na mara nyengine si maigizo. Katika Cannibal Holocaust ya mwaka 1980, ya Mtaliano Ruggero Deodato, wanyama waliuawa kweli mbele ya kamera. Ama waigizaji, ambao mahakama ya Italia ilidhani wameuawa pia, walionekana wakiwa hai. Filamu ya namna hiyo ukiikataa, hujashindwa na jambo lolote.

Mtoto wangu anaweza kutazama kuanzia umri gani?

Umri peke yake haujibu. Mtafiti wa Marekani Joanne Cantor, aliyechunguza hofu za watoto kwa miaka mingi, alionyesha kuwa wadogo, takriban miaka mitatu hadi minane, huogopa sura: meno, macho mekundu, kiumbe kinachobadilika umbo. Wakubwa zaidi huacha kuogopa sura na kuanza kuogopa yanayoweza kutokea: mwizi dirishani, moto, kutekwa. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitano hulia kwa zimwi ambalo kaka yake wa miaka kumi na moja analicheka, kisha usiku ni yule kaka anayeulizia kama komeo limefungwa.

Kutokana na hayo, kumwambia mtoto mdogo kuwa "si kweli, ni filamu tu" hakusaidii sana, kwa sababu maneno hayaifuti sura. Mpakate, mpe maji, mwashie taa, mwondoe pale. Mkubwa ndiye wa kuzungumza naye. Wazazi wengi hufanya kinyume: humhubiria wa miaka mitano na humwambia wa miaka kumi na moja kuwa yeye sasa ni mwanamme.

Zamani nilikuwa naweza kila kitu, sasa siwezi. Imekuwaje?

Uvumilivu hupanda na kushuka. Anayetazama aina moja mfululizo huizoea aina ile, na mazoea hayo hayavuki: aliyezoea misumeno bado ataanguka kwa sindano. Ukiacha, mazoea hupungua. Mimi huacha kabisa mwezi wa Ramadhani, na kila mwaka, filamu ya kwanza baada ya sikukuu hunikuta macho yangu yamekuwa laini kama ya mgeni. Kupata mtoto huwabadilisha wengi, ingawa akina baba hawakubali kirahisi. Msiba pia, aliyetoka kuosha maiti ya mzazi wake asialikwe kwenye filamu ya maiti zinazoinuka, nami nashangaa kwamba hili huhitaji kusemwa.

Lipo jambo jengine ambalo watu hulichanganya na hili. Klipu za ajali na za watu wanaopigwa, zinazotumwa kwa WhatsApp, si filamu na hazijengi uvumilivu wa filamu. Aliyemo ndani yake ana mama. Anayeweza filamu zote na akashindwa na klipu moja ameona vizuri tofauti iliyopo.

Daraja la umri lililoandikwa kwenye filamu linatosha kuniongoza?

Halitoshi, na nimejifunza kwa aibu. Marekani wana madaraja tangu 1968, na mwaka 1984 wakaongeza lile la PG-13 linalowatahadharisha wazazi wa walio chini ya miaka 13. Uingereza wana lao la miaka 18. Daraja hukwambia umri, halikwambii aina. Hapa Zanzibar, ukaguzi wa filamu za hadhara ni dhamana ya Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, lakini filamu inayoingia nyumbani ndani ya flashi haipiti mbele ya meza ya mtu.

Miaka michache iliyopita niliiamini filamu moja kwa daraja lake jepesi na sikuitazama kabla. Haikuwa na tone la damu. Ilikuwa na mtoto mchanga, na kitanda, na mlango, na mama asiyewahi kufika kwa wakati. Mbele yangu alikaa jirani mwenye mimba ya miezi saba. Nilizima baada ya dakika nzima ya kusitasita, na dakika ile bado naihesabu. Tangu hapo hakuna filamu inayoonyeshwa kwangu kabla sijaitazama mwenyewe mchana, na kabla ya kuanza nataja kilichomo: kuna sindano, kuna maji, kuna mtoto, mbwa hafi. Kwa anayetazama peke yake, ipo tovuti ya Does the Dog Die inayoorodhesha mambo hayo filamu kwa filamu, kama watazamaji walivyoyaripoti. Wanaolalamika kuwa ninafichua hadithi nimewaruhusu wakae barazani mpaka nimalize kutaja.

Dini inasemaje kuhusu kutazama filamu hizi?

Aulizwe mwenye elimu. Mimi ni mwenye projekta.

Nikizidiwa katikati, nitokeje bila ya kuwakera wengine?

Usiombe ruhusa na usitoe sababu. Usivumilie mpaka mwisho kwa ajili ya macho ya watu, kwa kuwa picha mbaya kuliko zote mara nyingi imewekwa katika dakika kumi za mwisho. Kwangu, kiti kilicho karibu na mlango hakina mwenyewe, viatu vya mkaaji wake huwekwa nje vikielekea njia, na taa ya jikoni haizimwi. Birika huwa motoni. Mara nyingi utamkuta bibi wa Mkoani ameshafika, na atakusogezea kikombe bila ya kukuuliza filamu imefika wapi.